Barua pepe na WhatsApp: nani anasoma, nani anabisha hodi

Shangazi yangu anauza dagaa Kibirizi, mwaloni Kigoma. Wateja wake wako Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na wote anawasiliana nao kwa WhatsApp: picha ya dagaa waliokauka vizuri, bei ya gunia, kisha hela inaingia kwa simu na mzigo unapakiwa. Mwaka jana, siku za giza, wakati wavuvi wanakesha ziwani na taa zao na oda zinamiminika, alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Akamwambia laini yake inahakikiwa, ataletewa tarakimu sita kwa meseji, amsomee. Shangazi akamsomea, kumbe ndizo tarakimu za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Dakika chache baadaye WhatsApp yake ikamtoka mkononi, na wateja wake watatu wakapokea ujumbe wenye jina lake na picha yake: mzigo upo tayari, tanguliza nusu, ila tuma kwa namba hii maana ile nyingine ina shida. Wawili walituma.

Alikuja dukani kwangu akiwa ameshika simu kama mtu anayeshika kitu cha wizi. “Mwanangu, si ni wewe uliyeniambia WhatsApp ina siri? Kwamba hata wenye nayo hawaoni tunachoandika?”

Nilimwambia hivyo, na ni kweli. Ila nilimwambia nusu.

Nina duka la steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Swali ninaloulizwa zaidi kwenye kaunta ni hili: kipi salama, barua pepe au WhatsApp? Kila anayeuliza anatarajia jibu la neno moja. Halipo, kwa sababu ndani ya swali hilo mna maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni nani anaweza kusoma ninachoandika. La pili ni nani anaweza kunifikia bila mimi kumwalika. La kwanza linahusu siri, la pili linahusu utulivu. Tumezoea kudhani vinakwenda pamoja. Ukweli ni kwamba mara nyingi vinavutana, kimoja kikizidi kingine kinapungua.

Tuanze na nani anasoma.

Barua pepe ni ya zamani kuliko wengi wetu. Ray Tomlinson alituma ya kwanza kati ya kompyuta mbili za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, huko Marekani mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Kanuni za kuisafirisha, ambazo msingi wake ndio tunaoutumia mpaka leo, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Watumiaji wakati ule walikuwa wachache, wengi wao watafiti. Kufuli halikuwa sehemu ya mpango.

Anayetaka kuelewa inavyosafiri aikumbuke reli yetu. Mzigo wa Kigoma kwenda Mwanza hauendi moja kwa moja. Unakwenda mpaka Tabora, unasubiri, unaunganishwa na treni ya Mwanza, ndipo unapanda kaskazini. Barua pepe nayo hivyo hivyo: inatoka kwenye simu yako, inafika kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, ya kampuni inayokuhifadhia anwani, inapelekwa kwenye seva ya kampuni ya mwenzako, na hapo inakaa mpaka aifungue. Siku hizi behewa huwa limefungwa kati ya stesheni na stesheni, kwa hiyo mwizi wa njiani hapati kitu kirahisi. Lakini kila stesheni behewa linafunguliwa, na barua inakaa wazi mbele ya mkuu wa stesheni. Gmail ilipoanza Aprili 2004, mashine za Google zilipitia maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya kukuonyesha. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kuacha kufanya hivyo kwa ajili ya matangazo. Hata hivyo funguo bado ni zake, na mashine zake bado zinapitia barua kutafuta virusi na utapeli. Mahakama yenye mamlaka ikidai barua, ipo ya kutolewa. Dawa ya jambo hili ilikuwepo tangu 1991, programu ya PGP ya Phil Zimmermann inayomwezesha mwandishi kuifunga barua mwenyewe kabla haijaondoka. Ni kazi ngumu kuitumia, na katika miaka yote ya duka hili sijaona mteja hata mmoja mwenye nayo.

WhatsApp ilimaliza kuweka usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa watumiaji wake wote Aprili 2016, kwa kutumia utaratibu uliobuniwa na watu wa Signal, programu nyingine ya ujumbe. Maana yake ni kwamba funguo zinatengenezwa ndani ya simu na zinabaki humo. Sanduku linafungwa Kibirizi, linafunguliwa Kariakoo, na katikati hakuna mkuu wa stesheni mwenye ufunguo. Seva inabeba tu. Kwa upande huu barua pepe ya kawaida haifui dafu.

Hapa niseme kuhusu Telegram, maana vijana wengi wananiambia ndiyo yenye siri kuliko zote. Soga zake za kawaida pamoja na magrupu zinahifadhiwa kwenye seva za kampuni, na kampuni ndiyo yenye funguo. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho unapatikana pale tu unapofungua soga ya siri kati ya watu wawili, na wengi hawajawahi kuifungua. Meseji za kawaida za simu hazina kufuli la namna hiyo kabisa.

Sasa, sanduku likifungwa, bahasha bado inasomeka kwa nje. Kampuni inajua unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, na mtandao ulioutumia. Mtu anayempigia daktari fulani kila Jumatatu na kisha kumwandikia wakili usiku ameshasimulia mengi bila neno lake hata moja kusomwa. Na sanduku lina miisho miwili. Mwisho ndio unaoniumiza kichwa, kwa sababu nauona kila siku kwenye kaunta yangu.

Mteja anaingia, ana haraka, dirisha la maombi ya kazi linafungwa saa sita usiku. “Kaka, nikutumie WhatsApp unitolee?” Anatuma kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua ya serikali ya mtaa yenye sahihi ya mtendaji. Vyote vimesafiri kwa kufuli la hali ya juu, na vyote vimeshuka kwenye simu ya duka. Nachapa, analipa, anaondoka. Utambulisho wake wote umebaki mkononi mwangu. Jioni kabla ya kufunga nafuta kila kitu, kwenye soga, kwenye galari na kwenye kompyuta, lakini yeye hajui kama nafuta. Hajawahi kuniuliza. Mwingine anaunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya duka kwa kuskani msimbo wa QR, anachapa karatasi zake, anatoka bila kuitoa. Atakayekaa kiti kile baada yake ataona meseji za mkewe zikiingia. Wenye barua pepe nao wanafanya vivyo hivyo: wanaingiza nywila, wanaacha anwani wazi. Nimewahi kumkimbilia mama mmoja mpaka kituo cha daladala kumwambia arudi ajitoe. Kama umewahi kutumia kompyuta ya mtu, fungua WhatsApp sasa hivi, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uone orodha. Usipokitambua kifaa, kitoe.

Kuna na nakala rudufu. Mazungumzo yanayohifadhiwa kwenye akaunti ya Google kila usiku hayakuwa na kufuli hilo hapo mwanzo. Tangu 2021 WhatsApp imeruhusu kuyafunga, lakini ni wewe unayepaswa kuwasha.

Kwa upande wa nani anabisha hodi, mambo yanageuka.

Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa tarehe 3 Mei 1978. Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwaandikia watu wapatao 400 wa ARPANET kuwaalika waje kuona mashine mpya. Walikasirika, lakini hakuna kilichomzuia, kwa sababu muundo wa barua pepe haukuuliza: huyu anamjua yule? Mpaka leo hauulizi. Yeyote mwenye anwani yako anakuandikia. Na kwa kanuni za 1982 anaweza hata kuandika jina la mtu mwingine kwenye sehemu ya mtumaji, kama unavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Ndiyo maana baadaye iliongezwa mihuri mitatu, SPF, DKIM na DMARC, ambayo inaiwezesha seva inayopokea kuuliza kama kweli barua imetoka kwenye nyumba inayodai kutoka. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawadai mihuri hiyo watumaji wakubwa.

Lakini mlinzi mkuu wa barua pepe ni chujio, na chujio linafanya kazi kwa kusoma. Linatazama maneno, viungo, mtindo wa sentensi, sifa ya seva iliyotuma, na jinsi wengine walivyoipokea barua ile ile. Google inasema chujio lake linazuia zaidi ya asilimia 99.9 ya barua taka na za hatari. Linakosea pia: kijana mmoja wa Kasulu alipitwa na usaili kwa sababu mwaliko uliangukia kwenye barua taka na hakuwahi kufungua folda hiyo. Kwa ujumla, hata hivyo, anwani ya barua pepe iliyotunzwa ni mahali patulivu kuliko simu nyingi ninazoziona.

Fundo ndilo hili, na ndilo nililoshindwa kumweleza shangazi mapema. Barua pepe inachujwa vizuri kwa sababu kuna mtu katikati anayeweza kuisoma. WhatsApp haisomwi katikati, basi haiwezi kuchujwa kwa maneno yake. Pazia linalomficha shangazi anapozungumza bei na wateja wake ndilo linalomficha tapeli anapoandika “tuma kwa namba hii”. Kampuni inabaki kutazama tabia: nani ametuma kwa wangapi, kwa kasi gani, nani amezuiwa na wengi. Ndiyo sababu mwaka 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa soga tano kwa mara moja, na 2020 ikapunguza hadi soga moja kwa ujumbe uliokwisha kuzunguka sana. Haisomi, inahesabu. Na unapobonyeza kuripoti mtu, hapo ndipo inaposoma, kwa sababu wewe mwenyewe umeikabidhi ujumbe wa mwisho, hadi mitano, aliokutumia. Kwa hiyo ripoti. Kumzuia peke yake kunakutuliza wewe tu, naye anahamia kwa jirani.

Tofauti ya pili, na kwetu Tanzania naiona kubwa kuliko zote, ni kitu unachompa mtu ili akufikie. Barua pepe inataka anwani. WhatsApp inataka namba ya simu.

Anwani ya barua pepe naweza kufungua leo nikaifunga kesho. Naweza kuwa na moja ya maombi ya kazi, nyingine ya maduka ya mtandaoni, nyingine ya watu wangu. Mwenye Gmail anaweza hata kuongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina lake, kabla ya @, na barua bado zitamfikia. Akiweka neno la duka, siku barua taka zikija kwa anwani hiyo atajua nani ameitoa. Ikichafuka, naiacha.

Namba yangu ya simu siwezi kuiacha. Tangu Januari 2020, ulipokamilika muda wa usajili wa alama za vidole, kila laini inayofanya kazi nchini imefungwa na kitambulisho cha mwenyewe. Namba hiyo hiyo ndiyo pochi yangu. Ndiyo inayopokea tarakimu za kufungulia benki. Na inasema jina langu kwa yeyote: mtu akianza kunitumia hela kwa simu, kabla hajathibitisha, jina langu kamili lililosajiliwa linatokea kwenye kioo chake. Anaweza kughairi hapo hapo. Hajatumia hata shilingi, na sasa anaweza kunipigia akiniita kwa jina kama mtu anayenifahamu. Shangazi aliitwa kwa majina yake matatu. Ndicho kilichomfanya aamini.

Sasa fikiria tunavyoigawa namba hiyo. Kamati ya harusi inaundwa, unaingizwa kwenye grupu bila kuulizwa, na kila aliyemo anaiona namba yako. Grupu moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024. Kuna grupu la msiba, la wazazi wa darasa la tatu, la kikoba, la wauza mawese. Harusi imekwisha, grupu halijafungwa, na mgeni mmoja aliyeingia kwa kiungo anaondoka na namba zote. Kisha kuna simu za wenzako. Rafiki anapakua programu ya mikopo ya haraka, anairuhusu isome orodha ya majina, na wewe usiyekopa unaanza kutumiwa meseji za aibu kwamba fulani hajalipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Namba yako inaweza kuwa imepita humo bila wewe kugusa kitu.

Kubadili laini nako si dawa. Shangazi alilifikiria: wateja wa miaka kumi wana namba ile, imeandikwa hata kwenye magunia. Na laini ikikaa muda bila kutumika, inaweza kupewa mtu mwingine, ambaye ndiye atakayeanza kupokea tarakimu za akaunti ulizosahau kuzihamisha.

Kwa hiyo ninachowaambia watu kaunta ni hivi. Unayemjua, na jambo la siri, mwandikie WhatsApp au Signal. Usiyemjua, taasisi, duka, tangazo, tovuti inayotaka “mawasiliano yako”, mpe barua pepe, na pakiwezekana isiwe ile ya moyoni. Signal tangu 2024 inakuruhusu kutumia jina la mtumiaji bila kuonyesha namba, na natamani zote zifike huko. Kwenye WhatsApp, weka kwamba wanaoweza kukuingiza grupuni ni watu waliomo kwenye simu yako tu. Kwenye barua pepe, zuia picha zisijifungue zenyewe, kwa sababu picha ya nukta moja isiyoonekana inaweza kumwambia mtumaji umeifungua saa ngapi, na kwamba anwani yako iko hai.

Kwa wanaotafuta kazi, hasa mnaoomba kwenye mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi huku Kasulu na Kibondo: msisome jina la mtumaji, someni kilichoandikwa baada ya @. Ofisi ya serikali inaishia na .go.tz. Barua ya ajira yenye nembo nzuri iliyotoka kwenye anwani ya bure, ikidai hela ya “usajili” au “vipimo vya afya”, ni wizi. Umoja wa Mataifa hautozi ada kwenye hatua yoyote ya ajira. Nimezichapa barua za namna hiyo, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu anatabasamu, na kumwambia ni kazi nzito.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kumkataza mtu kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara. Namba za matapeli zinapelekwa 15040, na kwa kupiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tumieni.

Shangazi alirudishiwa WhatsApp yake baada ya siku saba. Yule mwizi alikuwa ameweka namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, na utaratibu ni kwamba usiyeijua unasubiri wiki nzima. Siku saba katikati ya giza. Alizitumia kuwapigia wateja mmoja mmoja, kwa sauti yake, na wale wawili akawafidia kwa dagaa. Siku ilipofunguka alikuja tena dukani, tukaingia kwenye mipangilio pamoja, nikamwonyesha mahali pa kuweka namba ya siri ya kwake, tarakimu sita ambazo hazitumwi na mtu yeyote kwa meseji.

“Andika, shangazi, halafu rudia.”

Akageuza kioo upande wake, akainama, akaandika polepole. Nilipomnyooshea mkono nihakikishe imekubali, akaibana simu kifuani.

“Hapana, mwanangu. Hata wewe.”